Mume Wangu na Mawe Yake

Juzi saluni mashosti walikuwa wanashindana kulalamikia waume. Mmoja wake anaangalia mpira hadi ligi za nchi ambazo hawezi kuzionyesha kwenye ramani. Mwingine wake yuko kwenye simu tangu anapofungua macho. Zamu yangu ilipofika nikasema, "Wangu anachonga mawe." Kimya. Dada aliyekuwa ananisuka akasimamisha mkono. "Mawe gani, dada? Ya makaburi?"

Hapana, si ya makaburi. Baba Imani ni mhasibu, ana miaka 37, shahada mbili na tai zisizopungua ishirini. Lakini kila Jumamosi mchana utamkuta nyuma ya nyumba kwenye kigoda, kipande cha ngozi kimefunika paja, anagonga jiwe kwa jiwe mpaka lipate makali. Anatengeneza visu, vichwa vya mishale, na zile shoka za mkononi ambazo wewe na mimi tulizichora vibaya kwenye daftari la historia shule ya msingi. Hauzi. Hana mpango wa kwenda kuwinda. Anapenda tu, basi.

Na kwa kuwa ukurasa huu huwa tunazungumzia mambo yanayotugombanisha majumbani, nimeona niseme ukweli: mawe haya karibu yavunje ndoa yangu.

Yalianzia Uingereza. Mwaka wa pili wa ndoa yetu alipata nafasi ya kusoma shahada ya pili mjini Norwich. Mimi nikabaki Dar na mimba ya miezi mitatu. Tulikubaliana wote wawili, sitamsingizia. Hesabu zetu zilisema angemaliza, angepata cheo, tungehama nyumba ya kupanga. Hesabu hazikusema chochote kuhusu mimi kupanda bajaji saa nane ya usiku, nikiwa na uchungu, pamoja na mama mkwe anayesali kwa sauti kuliko injini.

Sasa, Norwich na vitongoji vyake vimekaa juu ya gumegume. Ndiyo, gumegume lile lile lililozipa jina bunduki za zamani zilizofyatuka kwa cheche. Huko wamejengea kuta za makanisa kwa hayo mawe. Safari ya saa moja hivi kwa gari kuna mji mdogo uitwao Brandon, na jirani yake pako mahali panapoitwa Grime's Graves, ambapo watu walichimba mashimo zaidi ya 400, mengine yenye kina cha zaidi ya mita 10, kutafuta gumegume bora. Walichimba kwa pembe za ayala, zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Miaka mingi baadaye mafundi wa Brandon wakawa ndio wanaochonga vijiwe vya bunduki za jeshi la Uingereza wakati wa vita dhidi ya Napoleon. Bunduki hizo zilipopitwa na wakati Ulaya, waliendelea kuchonga na kuuza vijiwe Afrika hadi karne ya 20. Ukitaka kujua dunia ilivyo ndogo, anza na jiwe.

Baba wa mwanafunzi mwenzake, mzee mstaafu mwenye banda nyuma ya nyumba, ndiye aliyemfundisha. Huko watu kama yeye wapo wengi, na Marekani ndio zaidi: wanakutana wikiendi mamia kwa mamia, kila mtu na gunia lake la mawe, wanagonga, wanabadilishana, wanachoma nyama. Yaani kama sisi na vikao vya harusi, ila wao wanarudi nyumbani na kitu mkononi.

Alirudi Imani akiwa na miezi mitano. Waume wa wenzangu wakirudi kutoka Ulaya, sanduku linafunguliwa watu wamezunguka: viatu, manukato, simu. Langu lilifunguliwa, chini ya nguo kukawa na kilo nne za mawe meusi yamefungwa kwenye soksi. Nilicheka siku ile. Nilidhani ni kitu cha wiki mbili.

Haikuwa wiki mbili. Mawe ya Uingereza yalipokwisha akahamia kwenye chupa. Msomaji wangu, kitako cha chupa nene ya bia ni jiwe zuri kuliko mawe mengi. Unatumbukiza msumari mkubwa ndani, unatikisa kwa nguvu, kitako kinadondoka chenyewe, na hapo una kipande cha kioo cha kuanzia. Ishi, yule mzee wa kabila la Yahi aliyejitokeza California mwaka 1911 akiwa wa mwisho katika watu wake, alichonga vichwa vya mishale vya ajabu kwa kioo cha chupa. Wenyeji wa kaskazini-magharibi mwa Australia walichonga mikuki kwa chupa na vikombe vya nguzo za simu. Na wapenzi wa kazi hii hawakatai hata sinki la choo lililovunjika. Mume wangu aliokota moja kwenye jengo la jirani, akaja nalo begani mchana kweupe, majirani wamekaa barazani. Nilitamani ardhi ipasuke.

Dada wetu wa kazi ndiye wa kwanza kuuliza. "Dada, eti shemeji anatengeneza dawa?" Nikamwambia hapana. "Sasa mbona anaongea na mawe?" Ni kweli, huwa anaongea nayo. Mama mkwe naye alikuja kutoka Morogoro, akaketi akamtazama mwanawe nusu saa nzima, kisha akaniita jikoni. "Mama Imani, kama ni kokoto si aende Kunduchi, wapo watu wanagonga na wanalipwa?" Shangazi yangu peke yake alikuwa upande wake. "Mwanaume anashinda nyumbani Jumamosi, wewe unalalamika? Ungempata wangu."

Nilidhani kazi hii ni nguvu. Nikikaa dirishani namwona anainua mkono, nasema huyu anatoa hasira za ofisini. Kumbe anayegonga kwa hasira anavunja jiwe vipande viwili, na saa tatu za kazi zimekwenda. Mawe yanayofaa ni yale yanayovunjika kama kioo: gumegume, obsidiani ambayo ndiyo kioo cha volkano, kwatzi nzuri, hata basalti laini. Ukigonga karibu na ukingo, nguvu inasambaa ndani ya jiwe kwa umbo la pia, na kibanzi kinabanduka upande wa chini, usiouona. Hapo ndipo wengi wanaposhindwa. Unagonga juu, kitu kinatokea chini. Ukingo lazima uwe na pembe kali kiasi, chini ya nyuzi 90, la sivyo pigo linakufa humo humo. Na kabla ya kugonga unausugua ule ukingo kwa jiwe la kukwaruza hadi uwe butu. Ndiyo, unaufanya butu ili upate makali, kwa sababu ukingo mwembamba unasagika tu chini ya pigo bila kubandua kitu.

Kwanza ni jiwe gumu la kugongea, la mviringo, linalojaa kiganjani. Umbo likishakaribia, unahamia kwenye nyundo laini ili ubandue vibanzi vyembamba na virefu. Wazungu wanatumia pembe ya ayala. Hapa hatuna ayala, na pembe ya swala ina uwazi ndani, kwa hiyo mume wangu alikwenda kwa wachonga vinyago wa Mwenge akanunua kipande cha mpingo. Kina uzito kama chuma. Mwisho kabisa ni kubonyeza: waya mnene wa shaba ulionolewa na kuchomekwa kwenye mpini, unaukandamiza kwenye ukingo wa jiwe lililo juu ya ngozi kiganjani, na vijibanzi vidogo vinaruka kimoja kimoja. Tik. Tik. Tik. Fundi hodari anamaliza shoka ya mkononi chini ya saa moja. Wangu Jumamosi yote inakwisha, na nusu ya siku zinaishia kwenye neno ambalo siwezi kuliandika kwenye jarida la familia.

Na makali yenyewe si mchezo. Ukiweka wembe wa chuma chini ya hadubini utauona kama msumeno. Wa obsidiani bado umenyooka. Mmarekani Don Crabtree, mmoja wa watu walioifufua kazi hii katika karne ya 20, alifanyiwa upasuaji miaka ya 1970 kwa nyembe za obsidiani alizozitengeneza kwa mikono yake. Mume wangu alinisimulia hilo kwa macho yanayong'aa. Mimi nikasema, "Vizuri, ila wewe usijaribu."

Basi, hayo makali ndiyo yaliyotuletea balaa.

Ilikuwa Jumamosi ya masika, mvua haikati. Sheria ni kuchonga nje, juu ya turubai, mbali na mlango. Lakini mvua ilikuwa inanyesha, naye alikuwa na kipande cha obsidiani alicholetewa na rafiki kutoka Naivasha, akashindwa kusubiri. Akakaa kwenye veranda. Akafagia vizuri, nakiri. Ila kibanzi kimoja kilijibana kwenye soli ya ndala yake kikaingia nacho ndani. Jioni Imani, wakati huo ana miaka mitatu, anakimbia peku kwenda kumpokea bibi yake mlangoni. Hakulia mara moja. Ndivyo lile jiwe lilivyo, linakata kabla hujasikia. Tuliona damu kwanza, michirizi mirefu kwenye vigae vyeupe, mtoto anaitazama kama rangi.

Mishono mitatu. Kwenye gari wakati wa kurudi, mtoto amelala mapajani mwangu, nikasema maneno ambayo nilikuwa nimeyaweka tangu ile usiku ya bajaji. Nilisema, "Alipozaliwa hukuwepo. Sasa upo, unamkata."

Hakujibu. Tulipofika alikusanya kila kitu, mawe, mpingo, ngozi, waya, akatia kwenye gunia, akalifunga kwa kamba na kulitupa stoo. Jumatatu tukasalimiana kama wapangaji. Jumamosi iliyofuata akavaa shati akatoka. Na iliyofuata. Akirudi ananukia bia na nyama choma, ananiuliza kama mtoto amekula, analala. Miezi miwili. Nilikuwa nimepata mume wa kawaida, wa kulalamikiwa saluni kama wengine. Nyuma ya nyumba kimya, na mimi ndio nikawa sipati usingizi.

Siku moja natafuta cheti cha kuzaliwa cha Imani kwa ajili ya fomu za shule. Kwenye droo yake ya chini, ndani ya soksi, nikakuta kisu cha gumegume. Kibaya, jamani. Kimepinda, upande mmoja mnene kama kisigino, ncha imevunjika. Nikashangaa kwa nini anakihifadhi wakati kazi zake nzuri anazigawa. Nikakigeuza. Kulikuwa na tarehe, imekwaruzwa kwa ncha ngumu. Ilikuwa tarehe aliyozaliwa Imani.

Nikakiweka mezani nikamsubiri. Alipoingia akakiona, akakaa. Akaniambia kwamba simu ya mama yake ilimpata usiku kule. Walisema mtoto wa kike, wote wazima, halafu mtandao ukakatika, hakupata tena mtu hadi mchana. Hakuweza kukaa chumbani. Kulipokucha akapanda basi hadi kwa yule mzee, na yule mzee hakumuuliza kitu, alimpa jiwe tu. Akakaa kwenye lile banda kutwa nzima akigonga. Hicho ndicho kitu cha kwanza alichomaliza bila kukivunja katikati. "Nilitaka nirudi na kitu cha siku ile," akasema. "Nikaona aibu kukuonyesha. Wewe ulitoa mtoto, mimi nimetoa hiki."

Sitakuambia kwamba tulikumbatiana na mambo yakaisha. Nililia kwa hasira kwanza, kwa sababu alikuwa amekaa na habari hiyo miaka mitatu, na mimi nilikuwa nimekaa na yangu. Tuliongea hadi saa tisa ya usiku. Mengine ni yetu. Asubuhi nilikwenda stoo nikalivuta lile gunia mwenyewe.

Kisha nikatoa masharti, na haya nakupa na wewe kama mwenzako ameanza kunusa mambo haya. Nje tu, mvua ikinyesha hakuna. Miwani ya plastiki ya mafundi, hata kwa anayetazama. Glavu na ngozi nene. Viatu vya kuchongea vinabaki nje, haviingii hata kwa dakika moja. Nguo zinakung'utwa mbali na kufuliwa peke yake. Na la vumbi, usilichukulie poa hata kidogo. Vumbi la mawe haya ni silika, likiingia kwenye mapafu halitoki. Wale mafundi wa Brandon niliowataja, waliogonga kutwa ndani ya vibanda vilivyofungwa, wengi walikufa kwa maradhi ya mapafu, na ni ugonjwa ule ule unaowatafuna wachimbaji wetu wa Mererani. Kwa hiyo upepo uwepo, barakoa iwepo, na kusugua ukingo kufanyike kwa maji. Saa chache kwa wiki, si kazi ya kila siku.

Likizo ya Desemba tukapanda gari kwenda Iringa, kwa wakwe zake mdogo wangu, nikasema tupitie Isimila. Ni kama kilomita 20 kutoka mjini, njia ya Mbeya. Wengi wanapita hapo wakiona kibao tu. Mwaka 1951 mwanafunzi mmoja aliyekuwa safarini aliokota zana za mawe korongoni pale, na mwaka 1957 na 1958 wataalamu wakiongozwa na Clark Howell wa Chuo Kikuu cha Chicago wakachimba. Shoka za mkononi zimelala chini zikiwa nyingi mno, za watu walioishi pale karibu miaka laki tatu iliyopita. Nyingine ni ndefu kuliko kiganja changu na vidole vyake vyote.

Baba Imani alichuchumaa mbele ya moja, mikono ameifunga mgongoni kama mtoto aliyeambiwa asiguse kitu dukani. Ni vizuri alivyofanya hivyo, maana sheria yetu ya mambo ya kale ya mwaka 1964 hairuhusu kuondoka na zana kama zile, hata kibanzi. Akaanza kunisomea jiwe. Hapa alianza kugonga. Hapa akageuza. Hapa pigo lilikufa, unaona ngazi hii? Akajaribu tena kutoka upande huu, akashindwa, akaacha. Nikaona kweli: kosa la mtu, bichi kabisa, kama limefanywa jana. Nimesoma mawasiliano miaka minne chuo kikuu, hakuna aliyewahi kunionyesha ujumbe uliodumu namna ile.

Na sisi tuko kwenye nchi yenyewe. Upande wa magharibi wa Ziwa Turkana, pale Lomekwi, zimepatikana zana za miaka milioni 3.3, zikagunduliwa mwaka 2011. Oldupai kila mtu anaijua. Kwenye mwamba wa Mumba, karibu na Ziwa Eyasi, kumepatikana vipande vya obsidiani kutoka Naivasha, kama kilomita 300 kwa miguu ya watu wa kale. Mume wangu alipoletewa lile jiwe na rafiki yake kwa basi hakuanzisha jambo geni.

Narudi kwenye mimi. Nilipoanza kujaribu alinichekea kidogo, akasema pengine ni kazi inayotaka mkono wa kiume. Nikamtafutia wanawake wa Konso, Ethiopia. Wataalamu walioishi nao mwishoni mwa karne ya 20 waliwakuta bado wanachonga mawe ya kukwangulia ngozi, ujuzi walioupata kwa mama zao, na miongoni mwao mafundi hodari walikuwa bibi wenye umri mkubwa. Alisoma, akanipa kigoda.

Jumamosi nne nilivunja chupa tu. Ya tano, kibanzi kilibanduka chote kizima, chembamba kama gamba la kitunguu, kikatua kiganjani bado cha moto kidogo, au niliota. Nilipiga kelele hadi dada wa kazi akatoka na mwiko. Hadi leo sijatengeneza kitu unachoweza kukiita kisu. Kipo kimoja kinachofanana na sikio. Mama mkwe alipokuja tena, kisu cha jikoni kikawa butu, akaenda mwenyewe nyuma akachukua kazi ya mwanawe, akapasua kambale kuanzia kichwani hadi mkiani bila neno. Halafu akakiosha na kukificha kwenye mkoba wake. Nimemwona. Sijasema.

Tunachofanya na mabaki ni hivi. Kila mwezi turubai linakunjwa na vibanzi vyote vinafukiwa kwenye shimo refu chini ya mwembe, mahali mtoto hachezi. Yule mzee wa Uingereza alimfundisha kutia sarafu mpya kila shimo, ili mtaalamu wa miaka elfu ijayo asije akadhani amepata kijiji cha watu wa kale hapa Tabata. Kwa hiyo tunatia shilingi mia mbili. Wiki iliyopita tulimpa Imani heshima ya kuitupa. Akainama ukingoni na viatu vyake vya mvua, akaitazama sarafu, akatutazama sisi, akauliza kama tunajua kwamba hiyo ni hela ya ubuyu.

Baba yake akaingiza mkono mfukoni kutafuta nyingine.